Mwaka Niliokataa Kuchoma Kilima

Naandika haya kwa majivuno, na sitamwomba mtu radhi. Watu wa mji wa Baraka wanaokunywa chai ya maziwa asubuhi karibu na soko, wakiyasifu maziwa yake kwamba hayakutiwa maji, wanakunywa kazi yangu. Kila siku bidoni mbili za maziwa hushuka kwa pikipiki kutoka kilima chetu, hata katika mwezi wa nane, wakati vilima vya jirani ni vyeusi kwa moto na ng'ombe wa watu wamebaki mbavu. Mama mmoja wa Kiislamu anayepika chai pale sokoni alimtuma mwenye pikipiki aniulize siri yangu ni nini. Nilimjibu kwamba siri ni nyasi. Akadhani namficha.

Sisi ni watu wa milima ya juu, kule kwenye baridi na ukungu. Tulishuka kwa sababu ambazo kila mtu wa Fizi anazijua, na hapa sitazirudia. Tulifika kwenye kilima hiki, kati ya Fizi na Baraka, tukiwa na ng'ombe kumi na wanne: baba yangu, kaka zangu wawili na mimi. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Mkuu wa kijiji, mtu wa Wabembe, wenyeji wa pale, mwenye maneno machache, alitukubalia tuchunge upande wa mashariki hadi kijito, mradi ng'ombe wasiguse mihogo ya watu. Kaka zangu hawakukaa hata mwaka. Walisikia habari za dhahabu, wakaenda machimboni Misisi, na tangu hapo tunawaona Krismasi, wakiwa na viatu vipya na macho mekundu.

Nikabaki mimi. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume aliyesema mdomo wangu ni mrefu mno kwa nyumba yake ndogo, na katika hilo sikumbishia. Kwetu mwanamke ni wa vibuyu na siagi. Malisho, kuuza dume, kuhama, hayo ni maneno ya wanaume. Lakini magoti ya baba yalikuwa yamekataa kupanda, na ng'ombe hawangojei mpaka watu wakubaliane. Nikachukua fimbo, nikatoka nao. Baba hakunipa ruhusa wala hakunikataza. Alikaa mbele ya nyumba na kuniangalia, na jioni nikirudi aliniuliza habari za kila ng'ombe mmoja mmoja, mpaka ugali ukapoa.

Nilichunga, lakini mwenye kusema alikuwa yeye. Na kila mwaka, mwezi wa saba, baba alisema tuchome.

Nisimsingizie mzee wangu. Kuchoma kuna utamu wake, na mtu aliyekulia kwenye ng'ombe anaujua. Nyasi za kiangazi zimekuwa ngumu, ng'ombe wanazinusa na kugeuza vichwa. Unawasha moto mchana, kilima kinageuka cheusi, na baada ya siku chache umande unatoa vichipukizi vya kijani kibichi. Ng'ombe wanavikimbilia. Maziwa yanapanda, mzee anacheka, kila mtu anasema umeona. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya wale ng'ombe, na niliona mambo yaliyofuata. Vichipukizi viliisha baada ya wiki mbili. Kikabaki kilima kitupu, na mwezi wa tisa mzima ng'ombe walilamba vumbi. Kisha mvua ya kwanza ilishuka na kuchukua udongo wetu, ukaenda kijitoni mwekundu kabisa, na kutoka kijitoni ukaenda ziwani kuwafaidisha samaki.

Mwaka mmoja, kabla ya mvua, alipita Fizi agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo, akaita wafugaji kwenye ukumbi wa kanisa. Nilikwenda, nikakaa nyuma. Alisema kilima kigawanywe vipande, ng'ombe wale kipande kimoja kwa siku chache, kisha wahamie kingine, kile cha kwanza kifungwe kipumzike. Alisema nyasi ikiliwa kila siku mizizi yake inakufa, na nyasi ikichomwa kila mwaka udongo unabaki uchi. Kila alichosema nilikuwa nimekiona kwa macho yangu, ila sikuwa na maneno yake. Nilifurahi kiasi kwamba niliondoka kabla hajamaliza. Alikuwa anaanza kueleza kipande kipumzike siku ngapi, na nilijiambia, sasa huyu mtu wa shule atanifundisha nini mimi kuhusu majani? Mimi, niliyezaliwa kwenye ngozi ya ng'ombe? Nikafunga kitambaa changu kichwani, nikaenda zangu. Hayo majivuno yalinigharimu, mtaona.

Nilimwambia baba jioni ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ni baya kwake, maana akikubali humkatiza mtu.

"Majani inabaki tu, inasimama, na ngombe ziko na njaa?" aliuliza. "Batu batatucheka."

"Bacheke. Baba, nipatie mwaka moja tu. Usichome."

Halafu akasema, polepole, kama mtu anayepima chumvi: "Bon, sawa. Mwaka moja. Mvua moja na kiangazi moja. Baba yako mudogo wa Lulimba atapita huku mwisho ya kiangazi, anapandisha ngombe zake kule juu. Kama ile siku maziwa haiko, anabeba na zetu. Zote. Na weye utaenda kwa kaka zako Misisi."

"Na kama maziwa iko?"

"Ile siku njo tutajua."

Hakuahidi kitu. Misisi! Niwapikie kaka zangu ugali kando ya mashimo, nifue matope ya dhahabu isiyokuwa yangu, na ng'ombe nisiwaone tena. Usiku huo sikulala vizuri. Lakini asubuhi nilikuwa tayari nimeshika panga, nakata miti ya kupanda kwa uzio, ile inayoota hata ukiichomeka kichwa chini.

Niligawa kilima vipande saba. Uzio wangu ulikuwa wa kuchekesha: miti michanga, kamba ya katani, miiba pale kamba ilipoisha. Mvua ilipokuja, nyasi ziliinuka kote, na mimi nikawa nahamisha ng'ombe kipande kwa kipande. Kuhusu siku za kupumzika sikuwa na shaka hata kidogo. Kule juu mama yangu alikuwa akifunga malisho ya ndama mwezi mmoja na nusu, hapungui hazidi, na nyasi zilitoka laini. Basi nami nilihesabu mwezi mmoja na nusu. Nilishuka na hesabu ya mama kutoka milimani kama nilivyoshuka na sufuria zake, bila kujiuliza kama huku moto ni ule ule.

Huku si kule. Huku joto la ziwa linapanda hadi mlangoni, na nyasi ambayo kule juu ingejivuta taratibu katika ukungu, hapa inakimbia. Mwezi mmoja na nusu ulipotimia, kipande changu cha kwanza kilikuwa kimenifika kifuani. Nilikiangalia nikajisikia malkia. Nikafungua, ng'ombe wakaingia, wakanusa, wakasimama. Yale yalikuwa mashina, magumu ya kuezekea nyumba, na mbegu juu yake. Walitembea ndani yake wakiyakanyaga, wakitafuta jani laini chini, na jioni wakarudi matumbo yamelegea.

Kipande cha pili kikawa vile vile. Na cha tatu. Katikati ya mvua, wakati kila ng'ombe wa Fizi ananenepa, wangu walipunguza maziwa. Kila asubuhi baba alikuwa akiinamisha ndoo kidogo, anaangalia maziwa yalipofikia, anaiweka chini. Hilo tu. Afadhali angenitukana.

Ndipo mbuzi wakaja. Jirani yetu ng'ambo ya kijito ni mama wa Kibembe, mjane, analima mihogo na kufuga mbuzi wengi wasio na adabu. Siku moja waliruka uzio wangu wa kuchekesha, wakaingia kipande cha sita nilichokuwa nimekifunga, na nilipofika walikuwa wameshakila upande mzima wa kijito mpaka karibu na udongo. Nilikuwa tayari na hasira tangu ndoo ya asubuhi. Nilivuka kijito nguo ikilowa, nikasimama kwenye uwanja wake, nikapiga kelele watu wakatoka kwenye nyumba nne.

"Mbuzi zako zimenikulia majani! Zimemaliza majani yangu yote!"

Yeye alikuwa anamenya mihogo. Hakuinuka. "Majani," alisema. "Mama, unanipigia makelele juu ya majani? Majani iko ya Mungu, inaotaga yenyewe."

"Yangu haiotage yenyewe! Yangu mi naichunga!"

Watu walicheka, na haki yao. Hakuna mtu Fizi aliyewahi kusikia mwanamke akigombea majani. Nilirudi nyumbani, na nilimnunia yule mama wiki tatu nzima. Tulikutana njiani kwenda sokoni nikaangalia ziwa kana kwamba silijui.

Wiki hizo tatu zilipoisha, ng'ombe walikuwa kipande cha tano, wakitafuna mashina yao bila furaha. Asubuhi moja nilikuta wamevunja uzio. Wote kumi na wanne walikuwa upande wa kijito, pale pale mbuzi walipokula, wakila bega kwa bega, wala hawakuinua vichwa nilipoita. Nilipiga magoti nikashika zile nyasi. Zilikuwa zinafika katikati ya muundi wa mguu wangu, laini, jani tupu, hakuna shina. Hatua mbili pembeni, ambako mbuzi hawakufika, ng'ombe hawakugusa kitu.

Nilikaa chini kwenye unyevu, nikacheka peke yangu kwa aibu. Wiki tatu. Ndizo habari ambazo agronomu alikuwa akianza kuzisema nilipoinuka na kufunga kitambaa changu. Mbuzi wa mjane walikuwa wamenisomesha bila kuingia ukumbini. Maziwa ya jioni ile yalipanda kidogo kwenye ndoo, nikajua kwamba ningeweza bado kuokoa mwaka wangu.

Siku iliyofuata nilivuka tena kijito, safari hii na kibuyu cha maziwa ya mgando. Sijui kuomba msamaha. Koo langu halikuumbwa kwa kazi hiyo. Nilimwekea kibuyu mbele yake.

"Mama, Bwana asifiwe. Nimekuja kuomba mbuzi zako."

"Zikule majani ya Mungu ao yako?"

"Yangu."

Alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi pia. Tangu siku hiyo sisi ni marafiki, ingawa hukosi kusikia kisa hicho ukimtembelea, na kila mara anaongeza sauti yangu.

Mbuzi walikula walichoweza, yaliyobaki niliyamaliza kwa mikono yangu. Vipande vilivyozeeka nilivikata kwa panga, nikalaza mashina chini yalinde udongo, vikaota upya. Nikaacha kuhesabu siku kwa kichwa cha mama. Nilipima kwa mguu wangu: nyasi ikifika katikati ya muundi na jani bado laini, fungua, ikibaki urefu wa kiganja, toka. Mvua ikiwa nyingi, wiki tatu. Mvua ikipungua, zaidi. Mwezi wa tatu nililisha vipande viwili vya chini mpaka vikawa vifupi, kisha nikavifunga vikue na mvua za mwisho, visimame vikiwa na majani mengi mpaka kiangazi. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yangu yote. Niliipitia kila siku kuiangalia, na sioni haya kusema kwamba niliongea nayo.

Mwezi wa saba ulifika. Wafugaji wengine walichoma, wakulima walichoma mashamba mapya, na hewa ikawa ya moshi hadi ziwa likapotea machoni. Baba alikaa mbele ya nyumba akiangalia kilima chetu ambacho hakijachomwa, cha rangi ya asali, peke yake katikati ya weusi. Naamini mikono ilikuwa inamwasha. Lakini mzee wangu akitoa neno, ametoa. Hakuomba kiberiti.

Hofu yangu ilikuwa moto wa watu wengine, kwa sababu mchana upepo hupanda kutoka ziwani na nyasi zangu zilizosimama zilikuwa kuni. Nikamwendea yule mama wa mbuzi. Tulichukua mbuzi wake, tukawafunga kwa kamba kwenye mstari chini ya vile vipande viwili, siku kwa siku, mpaka wakala njia pana kutoka kijitoni hadi kwenye mawe ya upande wa pili. Mbuzi hawaachi kitu. Ulibaki udongo na mavi.

Moto ulikuja mchana wa Jumamosi, nikiwa naimba mazoezi ya kwaya huku napepeta maharage. Ulitoka shamba la chini, ukapanda na upepo, unavunjavunja mashina kwa kelele. Nilikimbia na tawi bichi mkononi. Yule mama alikuja kutoka upande wake na jembe. Niliposimama kwenye ile njia ya mbuzi, macho yakinitoka machozi, nilihisi mtu pembeni yangu. Baba alikuwa ameshuka kilima chote kwa yale magoti yake, na tawi lake, na alikuwa anapiga cheche zilizoruka kana kwamba zinaiendea nyumba yake. Moto ulifika kwenye udongo mtupu, ukatafuta kulia, ukatafuta kushoto, ukakosa cha kula. Ukafa pale.

Baba alitupa tawi. "Saidia nipande," alisema. Nilimshika mkono hadi nyumbani.

Baba mdogo wa Lulimba alifika mwisho wa mwezi wa nane, na wachungaji wake na ng'ombe kumi na wawili. Nilimwona kutoka mbali kwa lile vumbi. Ng'ombe wake walikuwa katika hali mbaya. Wawili walikuwa na ndama wanaonyonya kitu kisichokuwepo. Kule Lulimba kote kulikuwa kumechomwa, alisema, na vijito vimekauka. Baba alimkaribisha kwa desturi, nami nikaleta maziwa. Baba mdogo alikunywa, akaangalia ndani ya kikombe, akakunywa tena. Akaniuliza yametoka wapi.

"Kwa ngombe zetu," nilisema.

"Mwezi wa nane?"

Baba aliinuka, akatembea naye polepole kwenye uzio, akamwonyesha. Kipande kimoja cha akiba kilikuwa kimeliwa nusu, cha pili hakijaguswa. Ng'ombe wetu walikuwa wamelala wakicheua, ngozi zinang'aa. Ng'ombe wa Lulimba walikuwa wamejipanga nje ya kamba, wanatoa sauti, maana walikuwa wamesikia harufu. Sijawahi kusikia sauti ya kuumiza kama ile.

Baba mdogo akafanya lile ambalo ndugu yeyote wa kwetu angefanya. "Ndugu yangu, sibebi ngombe zako," alimwambia baba. "Fungua. Zangu ziingie na zako, zikule pamoja mpaka mvua. Safari ya juu tunaiacha."

Kwetu jambo hilo halijibiwi. Ng'ombe wa ndugu mwenye njaa anaingia, mnakula kilichopo, na kikiisha mnahama wote. Ndivyo baba alivyofanya maisha yake yote, na ndivyo alivyofanyiwa. Nilimsubiri aseme ingia. Baba aliangalia nyasi, akaangalia zile mbavu, kisha akaniangalia mimi na kusema, "Muulize huyu."

Nilikuwa nimezipima zile nyasi kwa mguu wangu kila siku. Zilitutosha sisi hadi mvua na kubakiza kidogo. Kwa ishirini na sita zingeisha kabla ya wiki mbili, kilima kingebaki uchi, na mwaka wangu wote ungeoshwa kwenda ziwani.

"Baba Mudogo," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka nikaikasirikia. "Unisamehe. Nitapokea mbili. Zile ziko na ndama. Zile zingine zipande juu vile ulipanga. Majani haitoshe."

Alinikata jicho ambalo bado nalikumbuka. Kisha akaniacha, akamgeukia baba, mtu mzima kwa mtu mzima. "Kaka, unasikia namna mutoto wako anasema?"

"Nasikia," baba alisema. "Na weye umesikia. Leta zile mbili."

Niliondoa mti wa langoni, nikasimama kando. Niliwahesabu wakipita, mmoja na ndama wake, wa pili na ndama wake. Kisha nikarudisha mti mahali pake kwa mikono yangu miwili, mbele ya wazee wote wawili.